Baiskeli ya umeme imetumika kidogo, niiuzeje bila kulaliwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko hapa Mbeya, Forest Mpya. Nina baiskeli ya umeme, betri 36V 10Ah, mota ya wati 250 iko tairi la nyuma. Nilinunua mpya 1,800,000 nikaitumia miezi michache kwenda kazini, baadaye nikahamishwa kituo ikabaki stoo, sasa ina kama miezi nane haijaguswa. Mita inasoma kilomita 410 tu. Kuna kaka kaja kanipa 700,000 anasema betri za hivi zikikaa zinakufa. Ni kweli au ananilalia? Niuzeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo kaka bei yake ni ya kukulalia lakini hoja yake siyo ya uongo, na hapo ndo watu wengi wanachanganya. Kilomita 410 zinaonyesha cheni, tairi na breki hazijachoka, ila kuhusu betri hazikuambii karibu kitu. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa imekaa tu, na inazeeka vibaya zaidi ikiachwa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Ikiwekwa na chaji ya katikati, kama asilimia 40 hadi 60, sehemu yenye ubaridi kama stoo zetu za huku, miezi nane siyo kitu. Ikiwekwa tupu, ile BMS (sakiti ya ulinzi humo ndani) inaendelea kunyonya kidogo kidogo mpaka seli zinashuka chini ya kiwango salama. Kwa hiyo usimtajie mtu bei yoyote kabla hujaipima hiyo betri, maana anayenunua baiskeli ya umeme ananunua betri kwanza, hayo mengine yanafuata.

Chukua testa (kipimo cha umeme cha mafundi), weka kwenye DC, pima volti kabla hata hujachaji. Betri ya 36V ina mistari kumi ya seli, kila mmoja unajaa kwenye volti 4.2, jumla 42. Ukikuta 34 au 36 hapo hujaharibikiwa, chaji tu. Ukikuta chini ya 30 hapo kuna kazi, mpelekee fundi anayejua lithiamu aifungue apime kila mstari. Na nakuomba sana usikubali fundi wa kukuambia "ngoja niiamshe" kisha anaunga chaja moja kwa moja kwenye seli anairuka BMS, seli iliyoshuka sana ikilazimishwa chaji inaweza kuja kuwaka moto ndani ya nyumba, tena siku nyingine kabisa wakati mmelala.

Ikishajaa na taa ya chaja ikawa ya kijani, chomoa, iache saa moja, pima tena. Ikisoma 41.5 kwenda juu ni nzuri. Taa ikiwa kijani halafu testa inasoma 39 hivi, kuna mstari mmoja unajaa kabla ya wenzake na BMS inakata mapema, au chaja yenyewe ina shida. Iache ilale, asubuhi pima, ikishuka volti 0.1 au 0.2 hakuna tatizo, ikiwa imeshuka volti nzima kuna kinachovuja.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na mita unayo tayari ukutani, LUKU. Betri yako ni 36 mara 10, yaani wati-saa 360. Endesha mpaka mota ikate yenyewe, rudi nyumbani, zima kila kitu ndani hadi friji, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU na uziandike, chomeka chaja peke yake. Kwa chaja ya ampea 2 itachukua saa tano sita hivi, kwa hiyo fanya mchana siku ambayo hamna vitu vingi kwenye friji. Ikijaa soma tena. Uniti moja ni wati-saa 1,000, na chaja inapoteza kidogo kama joto, kwa hiyo betri yenye afya yako itakula kama uniti 0.4. Ikila 0.37 au zaidi simama na bei yako kwa kujiamini. Ikila 0.3 imeshuka lakini inauzika, useme wazi. Ikila 0.25 huyo atakayenunua atatafuta betri nyingine karibuni, lazima bei ishuke. Piga picha LUKU kabla na baada, piga na testa, mnunuzi mwenye akili akiona hizo picha maneno yanapungua.

Kuna mlima pia, huku kwetu usiukwepe. Mnunuzi akija mpeleke kilima chochote cha upande wa Loleza, apande huku anakanyaga pedeli, muangalie volti kwenye kioo cha mita ya baiskeli kama kinaonyesha. Kushuka volti mbili tatu akiwa anapanda na kurudi akiachia ni kawaida. Ikiporomoka ghafla na mota kukata wakati betri imejaa, kuna mstari dhaifu. Usimpeleke Mlima Nyoka kujaribia, yale malori hayana huruma na mtu wa baiskeli. Na Juni, Julai jaribu saa sita mchana, betri ikiwa na baridi inatoa pungufu na mtu atadhani ni mbovu. Halafu mwambie ukweli kwamba mota ya wati 250 kwenye habu (kitovu cha tairi) inasaidia mlima, haikubebi kama umekaa tu, mlima mrefu bila kukanyaga inapata moto. Akijua hilo mapema hatakurudia na lawama.

Mengine ni mepesi: kaza spoki za nyuma maana mota inazilegeza, cheni mafuta, breki. Usiioshe kwa presha ya kuoshea magari, maji yanaingia kwenye kontrola (kisanduku kinachoongoza mota).

Bei. Kwa bei uliyonunulia, LUKU ikisoma vizuri mimi ningeanza 1,300,000 na nisishuke chini ya 1,100,000, ukiwa na chaja yake, funguo zote za betri na risiti. Risiti imepotea? Andikishaneni serikali ya mtaa, muandike namba ya fremu, maana watu wanaogopa kununua cha wizi na wana haki. Pesa ya simu hakikisha kwenye salio lako, siyo kwenye meseji anayokuonyesha.

Akitokea mtu wa Iringa au Njombe, unaweza kuituma kwa basi: toa betri, ibaki na chaji ya nusu au chini yake, ziba vidomo (sehemu za kuunganishia umeme) kwa tepu, funga kwenye boksi peke yake na waambie wahusika wa mizigo ni betri ya lithiamu. Kwa ndege pale Songwe sahau, abiria mwisho ni wati-saa 160 na yako ni 360.

Anza na testa leo jioni, hata kabla ya kumjibu huyo kaka. Ukipata namba ziandike hapa nikusomee.