Nakesha Kazini Kisha Nachoka Kabisa: Je, Kupunguza Kasi ni Uvivu?

Swali: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni fundi cherehani. Kazi zikija nakesha nikishona siku kadhaa mfululizo, kisha nachoka, hata mkasi sishiki. Simu za wateja sipokei, na swala ya Alfajiri inanipita. Nikipata nguvu naanza tena kwa kasi ileile ili nifidie. Je, imani yangu ni dhaifu? Naogopa kupunguza kasi, maana Mtume (s.a.w.) alijikinga kwa Allah kutokana na uvivu.

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ni kweli alijikinga na uvivu. Lakini uvivu ni kuacha unachokiweza, ilhali wewe unajitwika usichokiweza, kisha unaishia kuacha hata kile unachokiweza.

Kulegea peke yake si dalili ya imani dhaifu. Imamu Ahmad amepokea kwa Abdullah bin Amr bin al-Aas (r.a.) kwamba Mtume alisema: "Kila amali ina wakati wa hamasa, na kila hamasa ina wakati wa kulegea, ambaye kulegea kwake kutakuwa kwenye sunna yangu, basi ameongoka." Na mpokezi huyo yalimkuta mwenyewe. Ujanani alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume akamtajia siku tatu kwa mwezi, yeye akazidi kuomba aongezewe, hadi wakaishia kufunga siku moja na kula siku moja. Alipozeeka na mwili kuchoka, akawa anasema laiti angeikubali ile ruhusa ya Mtume.

Utasema hayo ni ya ibada, si ya cherehani. Basi tazama hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim: Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka kuswali huishika. Akaamuru ifunguliwe: mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Ikiwa swala haikutakiwa kuswaliwa kwa kuning'inia kwenye kamba, cherehani ya saa nane za usiku inastahiki zaidi kuzimwa.

Kiwango chako kipime kwa siku mbaya. Mafundi wengi hukosea hapa: wanapima kwa siku waliyoamka na nguvu, wateja wamejaa, mkono mwepesi. Jiulize, siku ninayoumwa kichwa na mtoto analia, naweza kumaliza nini? Kama ni shati moja na kukata kitambaa cha kesho, hicho ndicho kiwango chako cha kila siku. Siku njema ukizidisha kidogo, alhamdulillahi. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile yenye kudumu hata ikiwa chache.

Na siku ikikupita, usiilipe kwa kukesha. Imamu Muslim amepokea kwa Umar (r.a.) kwamba aliyepitiwa na usingizi akakosa uradi wake wa usiku, yaani kisomo alichojiwekea, akausoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Ona: fidia ni ya kiasi kilekile, na ina muda wake. Hakuambiwa asome maradufu.

Ama Alfajiri, hiyo ni faradhi, haina mjadala. Aliyepitiwa na usingizi bila kukusudia huiswali anapoamka, wala hana dhambi. Lakini kujua kwamba ukikesha hutaamka, kisha ukakesha bila dharura wala kujiwekea namna ya kuamshwa, huo ni uzembe wa kutubia. Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha. Basi panga kuifunga kazi mapema.

Limebaki la wateja. Allah amesema katika Suratul Israa, aya ya 34, kwamba ahadi itaulizwa. Wapigie leo wote ambao nguo zao umezichelewesha. Waambie tarehe utakayoiweza, na atakayetaka kitambaa chake mrudishie pamoja na malipo ya kazi ambayo hujaifanya. Kazi mpya usipokee mpaka hizo zimalizike.

Wallahu a'lam.