Kwa wewe unayeanza kwenda kwa wafiwa

Ndugu yangu, umeingizwa kwenye kundi la faraja la usharika, na wiki hii utakwenda msibani kwa mara ya kwanza ukiwa na Biblia mkononi. Najua swali linalokunyima usingizi, maana lilininyima na mimi: nitasema nini? Nimekuwa katika huduma hii zaidi ya miaka ishirini, na katikati ya miaka hiyo nilimzika mume wangu. Kwa hiyo nimekaa kwenye kiti cha anayefariji, na nimekaa kwenye kiti cha mfiwa. Haya ninayokuandikia nimeyaokota huko kote.

Siku yangu ya kwanza nilijiandaa mno. Nilikuwa na karatasi yenye hoja nne za kumfariji mama aliyefiwa na mwanawe, na nilipofika nikazimaliza zote. Nilimwambia kuwa Mungu ana makusudi yake. Nilimwambia kuwa mwenye imani hahuzuniki. Yule mama alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Asante, dada," kisha akageukia ukuta. Mzee wa kanisa niliyefuatana naye hakunisema mbele za watu. Tulipokuwa njiani kurudi alifungua 1 Wathesalonike 4:13, akanipa nisome kwa sauti: "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini." Akaniuliza, "Hapo Paulo amekataza huzuni?" Nikasoma tena. Hajaikataza. Ameiacha ilivyo, akaiwekea tumaini kando yake. Nilirudi kwa yule mama kesho yake bila karatasi, nikamwomba radhi, tukakaa.

Kwa hiyo la kwanza, waache watu walie. Sisi Walutheri tuna urithi mzuri katika jambo hili, ila hatuusimulii vya kutosha. Mwaka 1530, Martin Luther, mwanamatengenezo tunayeitwa kwa jina lake, akiwa katika ngome ya Coburg, Ujerumani, alipata barua kwamba baba yake amefariki. Alichukua Zaburi, akaingia chumbani, akalia mpaka kesho yake kichwa kikawa kizito. Mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, alifia mikononi mwake. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe Katharina walipaswa kushukuru tu, kwa kuwa mtoto ameondoka kwa heri na ameponywa na mabaya ya dunia, lakini upendo wa mzazi una nguvu kiasi kwamba hawawezi kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Huyo ndiye mtu aliyehubiri neema maisha yake yote. Mfiwa akikuomba msamaha kwa sababu analia mbele yako, msimulie habari hiyo.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni kunyamaza unapoulizwa "kwa nini". Utaulizwa. Utaona ulimi wako unataka kujibu, kwa sababu ukimya wa namna ile unatisha. Usijibu. Luther alitenganisha Mungu aliyejificha na Mungu aliyejifunua, na akaonya tusijaribu kuchungulia kwenye yale ambayo Mungu hakutufunulia. Kwa nini huyu, kwa nini sasa, kwa nini kwa ugonjwa ule: hayo yamefichwa. Kilichofunuliwa ni Kristo msalabani, ambaye naye aliuliza "mbona umeniacha" na hakupewa maelezo saa ile. Mimi husema, "Sijui. Nami ningependa kujua." Halafu nakaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na mpaka hapo walikuwa hawajakosea kitu. Tena, maneno "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni ya Ayubu mwenyewe. Mfiwa akiyatamka, itikia amina. Wewe usimtamkie.

Sasa, kama huna maelezo, umebeba nini? Hapa ndipo ningependa utulie kidogo, kwa sababu ndipo niliposhikwa mkono mimi mwenyewe.

Imani yetu inafundisha kwamba faraja hutoka nje yetu. Haichimbwi kutoka moyoni mwa mfiwa, wala haipimwi kwa nguvu ya imani aliyo nayo siku hiyo. Huletwa. Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, moja ya maandiko ya imani yetu, zinataja njia ambazo Injili hutujia: neno linalohubiriwa, ubatizo, Meza ya Bwana, mamlaka ya funguo (yaani kutangaza ondoleo la dhambi), na mwishoni kabisa mazungumzo ya ndugu wanaofarijiana. Hilo la mwisho ndilo wewe unalotumwa kufanya. Ziara yako kwenye kiti kile imehesabiwa pamoja na mimbari na madhabahu. Unapoona umekwenda mikono mitupu, kumbuka hivyo.

Anza na ubatizo. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, Luther anamfundisha Mkristo anayeteswa na dhambi na dhamiri kujibu: nimebatizwa, na kwa hiyo nimeahidiwa uzima wa milele, roho na mwili. Lugha yetu inatusaidia hapa. Hatusemi "nilibatizwa", kana kwamba ni jambo lililopita na maji yake yakakauka. Tunasema "nimebatizwa", kama tunavyosema "nimeketi" au "nimeolewa": lilitendeka, na bado nimo ndani yake. Nilipokuwa mbele ya jeneza la mume wangu, mchungaji alisoma Warumi 6, kwamba tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo. Nikajisemea moyoni: amebatizwa. Amekufa, na bado amebatizwa. Kitenzi hicho kilinibeba wiki nzima, siku ambazo sala ndefu sikuziweza. Katika sharika nyingine mshumaa wa Pasaka, uleule unaowashwa kwenye ubatizo, huwashwa karibu na jeneza. Ukiuona, mwonyeshe mfiwa, huenda asijue kwa nini uko pale.

Utakutana na wazazi waliopoteza mtoto kabla hajabatizwa, hata kabla hajazaliwa, na watakuuliza kwa sauti ya chini sana. Usikimbie. Luther aliwaandikia akina mama kama hao mwaka 1542. Aliwaambia wasijilaumu, na kwamba ile shauku yao ya kutaka mtoto abatizwe, hata kuugua kwao kusiko na maneno, Mungu huipokea kama maombi. Hakuwaacha na kitisho, nawe usiwaachie kitisho.

Wengine waliotoka katika mapokeo tofauti watauliza nani atamwombea marehemu ili avuke salama. Jibu kwa upole, bila kubeza walikotoka. Kumbuka Hoja 95 za Luther za mwaka 1517 zilihusu jambo hili hili: watu waliofiwa waliambiwa wanaweza kununua hati za msamaha ili ndugu zao watoke toharani. Huzuni ilikuwa imegeuzwa soko. Sisi tunakiri kwamba Kristo amemaliza kazi, na hakuna deni aliloachiwa mjane kulilipa kwa niaba ya mumewe. Hata hivyo, Utetezi wa Ungamo la Augsburg, nao ni andiko jingine la imani yetu, unasema wazi kwamba maombi kwa ajili ya waliokufa hatuyakatazi. Mtu akisema, "Bwana, mpokee mama yangu," amezungumza na Baba yake. Usimsahihishe.

Kuhusu ibada ya mazishi yenyewe, nina neno moja kali: msiipunguze liturujia, yaani utaratibu wa ibada, ili kupata nafasi ya hotuba. Nimekaa kwenye ibada ambayo wasifu wa marehemu ulichukua saa nzima, zaburi ikarukwa kwa sababu muda umekwisha. Mfiwa aliondoka amekumbushwa aliyempoteza, hakuambiwa huyo mtu yuko mikononi mwa nani. Tushukuru kwa maisha ya marehemu, ndiyo, na kwa maneno ya kweli. Lakini mahubiri ni ya Kristo aliyefufuka. Marehemu wengine hawana sifa za kujaza hata ukurasa, na Injili yao ni ileile.

Faida ya liturujia niliielewa siku ile nilipokuwa mjane. Tulisimama kwa Ungamo la Imani. Nilianza na wenzangu, na tulipofika kwenye ufufuo wa mwili sauti ikakata. Wao wakaendelea. Nikasikia hasira: wanawezaje kulisema kwa wepesi hivi? Nikamtazama mama aliyesimama karibu yangu. Alikuwa amezika watoto wawili. Alikuwa analisema lote, macho makavu, akitazama mbele. Halikuwa jepesi kwake hata kidogo. Aliisema sehemu yangu pamoja na yake, na walipofika kwenye amina nami nilikuwemo. Ndiyo maana nakusihi uwahimize wafiwa waje kanisani hata kama hawawezi kuimba. Waje wakae tu. Wenzao wataimba.

Wakikuambia hawawezi kumsifu Mungu, wasomee Zaburi 88. Inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa furaha uliobandikwa mwishoni, na bado iko ndani ya Biblia. Baba mmoja aliponisikia nikiisoma aliomba niirudie mara tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hulikosea kwa wema wao. Wafiwa wengi wamebeba hatia. Sikwenda kumwona. Tuligombana, tukaacha kusemeshana. Nilichelewa kumpeleka hospitali. Haraka tunasema, "Usijilaumu, si kosa lako." Mara nyingine ni kweli, na ni vizuri kulisema. Lakini mara nyingine mtu anajua alichokifanya, na ukimwambia hana kosa umemfungia mlango, kwa sababu sasa hana pa kulipeleka. Nilimtembelea mtu aliyekaa miaka sita bila kuongea na kaka yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, kaka akafa. Kila mtu alimwambia yameisha. Hayakuwa yameisha. Nilimuuliza kama angependa kwenda kwa mchungaji kuungama. Alishangaa; alidhani maungamo ya faragha si yetu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, makala ya 11, linasema ondoleo la dhambi la mtu binafsi lidumishwe makanisani, na Katekisimu Ndogo inaeleza namna ya kuungama. Alikwenda. Sikuuliza walichoongea, nawe usiulize kamwe. Nilichokiona ni kwamba Jumapili iliyofuata alikuja mezani.

Na meza ndiyo ninayotaka kukuachia zaidi ya yote. Kabla ya kushiriki tunasema kwamba tunamsifu Mungu pamoja na malaika na jeshi lote la mbinguni. Nilikuwa nikiyasema tangu nikiwa mtoto bila kuyasikia. Katika makanisa mengi ya Kilutheri ya nchi za Skandinavia, uzio wa madhabahuni umejengwa nusu duara, na waumini hufundishana kwamba nusu ya pili inakamilishwa ng'ambo, na wale waliotangulia. Tangu nilipoelezwa hivyo, nikipiga magoti siangalii sakafu tena. Sisemi kwamba wafu hutujia au huzungumza nasi, hatufundishi hivyo. Nasema Bwana ni mmoja, na waliolala wamo kwake, na mimi hapo namkaribia yeye. Kwa mjane aliyezoea kukaa benchi moja na mumewe, hilo lina uzito kuliko kadi zote za pole.

Mwisho ni la kazi tu. Wengi huenda wiki ya kwanza, kisha nyumba inanyamaza. Miezi ya tatu na ya nne ndiyo migumu, mimi niliipitia karibu peke yangu, na ndipo nilipoona makosa niliyowafanyia wengine. Nunua daftari dogo. Andika jina la marehemu na tarehe aliyofariki. Panga ziara moja baada ya miezi mitatu na simu moja baada ya mwaka. Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, ile ya kabla ya Majilio, ambayo mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliitenga mwaka 1816 kuwakumbuka waliofariki, sharika nyingi husoma majina ya waliozikwa mwaka huo. Nyingine hufanya hivyo Jumapili ya Watakatifu Wote. Waarifu wafiwa mapema, usiwaache washtukizwe na jina, na ukae karibu nao linaposomwa. Litaje jina hilo na wewe unapoongea nao. Watu huogopa kulitaja wakidhani watamkumbusha mfiwa, kana kwamba amesahau.

Leo asubuhi daftari langu lilikuwa na jina moja, mwaka wake umetimia. Nilimpigia simu mkewe. Hatukuongea mengi. Tulisoma Zaburi ya 23 kwa kupokezana, mstari yeye, mstari mimi, na zamu yake ilipofika kwenye bonde la uvuli wa mauti alinyamaza. Nilisubiri. Nilisikia anapumua, halafu akaendelea: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami."