Jibu: Katuni wangu akicheka anaonekana anaigiza

Ndugu yangu, shida haiko mdomoni, iko machoni. Daktari Mfaransa, Duchenne, alilionyesha hili mwaka 1862: kicheko cha kweli hukaza msuli unaozunguka jicho. Kwa hiyo pandisha mashavu mpaka yasukume kope za chini, jicho libaki jembamba kama mwezi mwandamo.

Na nyusi! Ukizishusha upande wa puani, ni hasira. Ukiziinua upande huohuo, ni huzuni, hata kabla hujagusa mdomo.

Mimi hukaa soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na penseli yangu. Jana mama muuza ndizi alitajiwa bei ya kutupa: nyusi moja juu, midomo ikavutwa pembeni. Mistari mitano tu ilitosha. Alipoiona akasema, “Huyu ni mimi kabisa!”