Kabla ya kuongeza mbegu ya nane

Wanafunzi wanaoniletea mpango wa jaribio la shambani huanza na orodha ya mbegu. Mimi huwauliza kwanza: sehemu yenye udongo wa aina moja inatosha ploti ngapi, yaani vijisehemu vya kupandia aina moja moja? Kwenye miteremko jibu mara nyingi ni tatu au nne. Ukivuka hapo unakuta kichuguu, au kivuli cha mti, na mavuno yanabadilika bila mbegu kuhusika.

Basi chukua aina 7 za maharage, A hadi G, na bloku za ploti 3, yaani vipande vya udongo wa aina moja visivyotosha aina zote 7 kwa pamoja. Zipange hivi: ABD, BCE, CDF, DEG, EFA, FGB, GAC. Hesabu mwenyewe kwa kidole. Kila aina imo katika bloku 3, na kila jozi, kati ya jozi 21, imekutana mara moja tu. Hakuna iliyopendelewa. Mwanatakwimu Frank Yates wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ndiye aliyeingiza mipango hii kwenye majaribio ya kilimo mwaka 1936.

Hapo hakosekani mtu wa kusema tuongeze ya nane, maadamu mbegu ipo. Usikubali upesi. Kwa bloku za ploti 3, ili jozi zote za aina 8 zikutane sawasawa unahitaji bloku 56, yaani ploti 168! Aina 9 zinataka bloku 12 tu, ploti 36. Ndiyo, tisa ni nafuu kuliko nane. Katika kila bloku aina moja hukaa na wenzake wawili. Ukiwa na wenzako 7 huwezi kuwapitia wawili wawili bila kubaki na mmoja, na ugumu huanzia hapo. Kwa hiyo chagua idadi kwanza, mbegu baadaye.

Nikishapokea mpango, huugeuza kuwa jedwali: mistari ni aina, safu wima ni bloku, 1 pale mbegu ilipo na 0 pale isipokuwepo. Linganisha mstari wa A na wa B, bloku kwa bloku: 1-1 (zote mbili zimo) inatokea mara 1, 1-0 mara 2, 0-1 mara 2, 0-0 mara 2. Mistari mingine yoyote miwili inatoa hesabu ileile, na hilo ndilo jedwali linganifu. Ongeza safu wima moja yenye 1 kila mahali, kila muunganiko utokee mara 2 kamili: sasa una jedwali othogonali, la aina aliyoieleza mwanatakwimu C. R. Rao mwaka 1947. Kila nikilifanya zoezi hili nafurahi upya.

Ploti 21 ni chache mno kwa kukadiria makosa ya jaribio, yaani tofauti za mavuno zisizotokana na mbegu, kwa hiyo rudia seti nzima, ziwe 42. Halafu amua kwa bahati nasibu: ipi iwe A, bloku gani ikae wapi, na nani atangulie ndani ya bloku.