Maswali ya Kemia Ogania: Elektroni Zimekwenda Wapi?

Naomba orodha ya mimenyuko yote ya alkeni (haidrokaboni zenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili) nikariri kabla ya mtihani. (Kidato cha Sita, Iringa)

Sikupi. Ombi hili hunijia kila muhula. Tafuta elektroni zilipojaa na zilipopungua. Mshale unaoonyesha elektroni zinakokwenda huanzia zilipojaa. Ukikariri mimenyuko hamsini, mtahini atakuletea wa hamsini na moja.

Haidrojeni bromaidi ikikutana na propeni, bromini hukaa kwenye kaboni ya katikati. Mwalimu alisema ni kanuni ya Markovnikov, basi. (Mombasa)

Hilo ni jina la kanuni (haidrojeni huenda kwenye kaboni ya kifungo yenye haidrojeni nyingi zaidi), si sababu. Kifungo maradufu cha propeni kina elektroni nyingi, nazo ndizo zinazoichukua haidrojeni kwanza. Kaboni moja inabaki na chaji chanya. Chaji ikiwa katikati, makundi mawili ya methaili huisukumia elektroni na kuituliza. Ikiwa pembeni, msaada hutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo ya katikati huundwa kwa urahisi zaidi, na bromaidi yenye chaji hasi huifuata hapo hapo. Sasa tia peroksaidi: njia inabadilika, bromini inakwenda pembeni, kama wanakemia Kharasch na Mayo walivyoonyesha mwaka 1933. Hapo ndipo waliokariri kanuni peke yake huanguka, na nimesahihisha karatasi zao nyingi mno.

SN1 na SN2 zinatofautianaje?

Zote mbili ni njia za kundi moja kuchukua nafasi ya jingine kwenye kaboni. Katika SN1 anayeondoka hutangulia. Katika SN2 mmoja anaingia huku mwenzake akitoka, ndiyo maana kaboni iliyosongwa na makundi matatu huikataa.

Esta ikitengenezwa, oksijeni ya maji hutoka kwenye asidi au alkoholi? (Morogoro)

Esta huundwa asidi na alkoholi zikiungana na kutoa maji. Kwa asidi za kaboksiliki na alkoholi za kawaida, hutoka kwenye asidi. Mwaka 1938 wanakemia Roberts na Urey walitumia methanoli yenye oksijeni nzito, namba 18, wakaikuta ndani ya esta. Na tafadhali, chora mishale miwili inayoelekea kinyume (⇌). Mmenyuko huu hurudi nyuma.

Methanoli na ethanoli zimepishana kaboni moja tu. Kwa nini moja inapofusha?

Ini huigeuza ethanoli kuwa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, ambayo mwili huitumia. Methanoli, kwa vimeng'enya hivyo hivyo, huishia asidi ya methanoiki, nayo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Pua na ulimi havizitofautishi, kwa hiyo msionje spiriti ya maabara hata tone. Na aliyekunywa gongo akaanza kuona ukungu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, msingoje pombe imtoke.