Maandazi yamenigombanisha na jirani

Shangazi, shikamoo. Nauza vitumbua na maandazi barazani kwangu, Ngamiani, hapa Tanga. Tangu mwaka jana watoto watatu wa jirani yangu, mjane, hupita kwangu wakienda shule. Nawapa maandazi mawili mawili na kikombe cha uji. Sijamtajia mtu. Juzi bombani mama yao kasema mbele za watu kwamba namtangaza mtaani kuwa wanawe wanalala na njaa. Mwingine kadakia, eti natafuta udiwani. Nimelia, Shangazi. Niache?
Mama Vitumbua, Tanga

Marahaba, mwanangu. La udiwani usilijibu, litachoka lenyewe. La jirani ndilo zito, na hapa nitakuudhi kidogo: hajakosea kote. Mdomo hukufungua, lakini baraza yako iko njiani. Wateja wanawaona wale watoto na vikombe vyao, wanajua ni wa nani, wanajua hawalipi.

Bibi yangu alikuwa akinituma futari kwa jirani Mwezi wa Ramadhani, sahani imefunikwa kawa. Mtaa mzima uliniona nikipita, na hakuna aliyejua kama chini yake mna muhogo wa nazi au tambi, wala kama napeleka au narudisha. Na sahani haikurudi tupu. Jirani akiwa hana kitu, alitia ndimu mbili, na Bibi akazikamulia mchuzi usiku huohuo. (Siku hizi tuna mahotpoti ya kila rangi, ndimu tumezisahau.) Al-Baqara aya ya 271 inasema sadaka ya hadharani ni njema, ila ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Bibi hakuwa msomi, lakini hilo alilijua.

Watoto usiwakatie, wao hawakuwapo bombani. Nenda kwa mama yao usiku, peke yako, wala usimhesabie ulichotoa, maana hayo ni masimango. Mwambie: "Nisamehe dada, ilikuwa nikuulize wewe kwanza." Kisha muombe kitu. Vitumbua vinataka nazi, na wewe kila usiku uko juu ya mbuzi unakuna mpaka mkono unakufa ganzi. Akusaidie kukuna, nawe umpe maandazi kwenye bakuli lenye kifuniko, awagawie wanawe mwenyewe, kwake.

Akikataa, usimshurutishe. Hata maandazi matamu mtu ana haki ya kuyakataa. Ila wale watoto wakipita asubuhi wakakuamkia, waitikie kama ulivyowaitikia siku zote.