Vikapu 12, makanda 7

SWALI: Kwenye kikundi chetu cha Biblia hapa Umoja, Nairobi, tumebishana: kwa nini Marko anasimulia mara mbili Yesu akilisha umati? Na hesabu za mabaki zina maana gani? – Msomaji, Umoja

JIBU: Msisome sura ya 6 na ya 8 kila moja peke yake. Someni kwa mfululizo kuanzia 6:30 hadi 8:21. Ni kama dakika 15 tu. Mara ya kwanza ni mikate 5, samaki 2, wanaume 5,000, na mabaki vikapu 12, hesabu ya makabila ya Israeli. Mara ya pili ni mikate 7, watu wapatao 4,000, makanda 7, na Yesu ametoka kupita Dekapoli, nchi ya mataifa, yaani wasio Wayahudi. Katikati yuko mama Msirofoinike, naye ni wa mataifa, anayeomba makombo ya watoto (7:28). Yeye ndiye daraja! Ombi lake la makombo linajibiwa kwa makanda yaliyojaa.

Hata vyombo vinatofautiana: Kigiriki kina kofinos, kisha spuris, neno linalotumika pia kwa kapu lililomteremsha Paulo ukutani Dameski (Matendo 9:25). Katika 8:19-21 Yesu mwenyewe anawauliza wanafunzi hesabu hizo.

Mnapokosea ni kulazimisha kila namba iseme kitu. Kwamba samaki 2 ni Agano la Kale na Jipya, Marko hadokezi hilo popote. Ishikeni namba ambayo simulizi lenyewe linairudia.